Wangekwenda Wapi? Swali Gumu Kuhusu Maangamizi ya Wayahudi

Kila inapofika Januari 27, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, mabishano yaleyale hurudi mitandaoni. Mmoja atauliza: watu milioni 6 wanauawaje bila kupigana? Mwingine atasema habari yenyewe imetiwa chumvi. Wa tatu ataingiza vita vya Gaza, na kuanzia hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Swali la kwanza ni la haki, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi. Hata Israeli kwenyewe limeulizwa, tena mahakamani. Mwaka 1961, Adolf Eichmann, ofisa aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, alishtakiwa mjini Yerusalemu. Mmoja wa mashahidi, Moshe Beisky, alisimulia jinsi wafungwa wa kambi ya Płaszów nchini Poland walivyopangwa mistari ili watazame kijana akinyongwa. Mwendesha mashtaka, Gideon Hausner, akamkatiza: mlikuwa maelfu, walinzi wachache, mbona hamkuwavamia? Beisky alijibu kwamba hofu ya siku ile haielezeki kwa mtu ambaye hakuwepo. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hawakuwahi kulifikiria. Jirani na kambi yao palikuwa na kambi ya wafungwa wa Kipoland wapatao 1,000. Wale wakitoroka mita mia tu wamefika kwao, lakini nao hawakutoroka. Myahudi je, angekwenda wapi?

Ukiliweka swali hilo la Beisky mbele, sehemu kubwa ya historia hii inaanza kueleweka.

Tuanze na maneno yenyewe, maana nusu ya ubishi hutokana nayo. Maangamizi ya Wayahudi, au Holokosti, ni kampeni ya dola ya Ujerumani chini ya Adolf Hitler, kwa kusaidiwa na washirika wake, ya kuwafuta Wayahudi wa Ulaya. Mateso yalianza mwaka 1933, na mauaji ya halaiki yakaendelea kuanzia 1941 hadi 1945. Waliouawa ni takriban milioni 6, wakiwemo watoto wapatao milioni 1.5. Wanazi waliwaua pia Waroma (si watu wa mji wa Roma, bali jamii iliyozoeleka kuitwa Gypsy), watu wenye ulemavu, raia wa Poland na wafungwa wa vita wa Kisovyeti kwa mamilioni. Kwa Wayahudi nia ilikuwa asibaki hata mmoja, awe kichanga au ajuza.

Na Myahudi alikuwa nani machoni pao? Hapa wengi wetu tunadhani ni suala la dini. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilihesabu babu na bibi: ukiwa nao watatu au wanne waliotoka jamii ya Kiyahudi, wewe ni Myahudi hata kama unasali kanisani kila Jumapili. Edith Stein alikuwa mtawa wa Kikarmeli, na Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1998. Aliuawa katika kambi ya Auschwitz Agosti 1942 kwa sababu ya familia aliyozaliwa. Kubadili dini hakukumwokoa mtu.

Kuna maneno mengine matatu yanayochanganywa. Geto ni sehemu ya mji iliyozungushiwa ukuta au uzio, Wayahudi wakalazimishwa kuishi humo. Kambi ya mateso ni gereza la kazi ngumu, njaa na kipigo, na wafungwa wake hawakuwa Wayahudi peke yao. Katika kambi ya aina hiyo, Sachsenhausen karibu na Berlin, alifia mzaliwa wa Dar es Salaam. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa mwaka 1904, alikuwa mtoto wa askari Mwafrika wa jeshi la kikoloni la Kijerumani na yeye mwenyewe alitumikia jeshi hilo akiwa bado mtoto katika Vita vya Kwanza. Baadaye alihamia Berlin, akafundisha Kiswahili na kuigiza kwenye filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akafungwa bila kesi, akafa Novemba 1944. Hakuwa Myahudi. Sheria ya rangi iliyotungwa ili kuwatenga Wayahudi ilikuwa na nafasi ya kumtosha naye.

Kambi ya mauaji ni kitu kingine kabisa. Chełmno, Belzec, Sobibor na Treblinka hazikujengwa ili watu wafungwe humo. Treni ilifika asubuhi, na kufikia jioni karibu wote waliokuwemo walikuwa wameuawa kwa gesi. Treblinka, sehemu ndogo ambayo ungeizunguka kwa miguu bila kuchoka, iliua takriban watu 900,000 kwa muda wa mwaka mmoja na miezi michache. Auschwitz ilikuwa vyote viwili, kambi ya kazi na ya mauaji, na ndiyo sababu inajulikana zaidi: walikuwepo waliotoka hai wakasimulia. Belzec iliua zaidi ya watu 430,000, na walionusurika hadi kutoa ushuhuda hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Wengi hudhani Hitler aliingia madarakani Januari 1933, na kesho yake treni zikaanza safari. Kati ya mambo hayo mawili ilipita miaka zaidi ya minane, na miaka hiyo ndiyo inayofafanua mengi.

Fikiria mwenye nyumba anayetaka uhame lakini hakutamkii. Mwezi huu anakata maji. Mwezi ujao anafunga choo cha uani. Kisha anawakataza wapangaji wenzako kukusalimu. Kila mara unapiga hesabu: hili nitalivumilia, kuhama kunadai kodi ya miezi sita, na huko niendako nani atanipokea? Wayahudi wa Ujerumani, waliokuwa wapatao nusu milioni mwaka 1933, chini ya asilimia 1 ya wananchi, walipigishwa hesabu hiyo kwa miaka sita. Aprili 1933 maduka yao yaligomewa na watumishi wa serikali wakafukuzwa kazi. Mwaka 1935 walinyang'anywa uraia na kukatazwa kuoana na Wajerumani wengine. Usiku wa Novemba 9 kuamkia 10, 1938, masinagogi yalichomwa nchi nzima na wanaume wapatao 30,000 wakapelekwa kambini. Kisha serikali ikaitoza jamii yao faini ya Reichsmark bilioni 1 kana kwamba wao ndio waliochoma.

Walihama? Walihama. Kufikia vita vilipoanza Septemba 1939, zaidi ya nusu ya Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wameondoka, wakiacha mali zao nyingi mikononi mwa serikali. Waliobaki wengi wao walikuwa wazee, maskini, na waliokosa viza. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi hao. Karibu kila nchi ilionyesha huzuni, na karibu kila nchi ikaeleza kwa nini haina nafasi. Jamhuri ya Dominika peke yake ndiyo iliyojitokeza kuahidi kupokea idadi kubwa. Mwaka uliofuata meli St. Louis ilitoka Hamburg na abiria 937, karibu wote Wayahudi, ikakataliwa Cuba, ikakataliwa Marekani, ikarudi Ulaya. Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi ziliwagawana. Tatu kati ya nchi hizo nne zilitekwa na Ujerumani mwaka mmoja baadaye, na 254 kati ya abiria wale waliuawa.

Mamia kadhaa walifika hata Kenya, mawakili na wafanyabiashara wakageuka wasimamizi wa mashamba ya walowezi. Vita vilipozuka, Waingereza waliwakamata wanaume wao na kuwaweka kizuizini kwa muda kama raia wa nchi adui. Ujerumani walifukuzwa kwa kuwa si Wajerumani, Nairobi wakafungwa kwa kuwa ni Wajerumani.

Lakini wengi wa waliouawa hawakuwa Wajerumani. Poland peke yake ilikuwa na Wayahudi wapatao milioni 3.3. Hao hawakupewa miaka sita ya kupiga hesabu. Ujerumani iliwakuta majumbani kwao. Novemba 1940 geto la Warsaw lilifungwa, watu zaidi ya 400,000 wakasongamana katika eneo la kilomita za mraba zipatazo tatu na nusu. Mgao rasmi wa chakula mwaka 1941 ulikuwa chini ya kalori 200 kwa siku, kiasi ambacho hakitoshi mtoto mdogo. Njaa na homa ya matumbo na ya chawa ziliua watu wapatao 83,000 kabla hata treni ya kwanza haijaondoka.

Juni 1941 Ujerumani ilipoivamia Umoja wa Kisovyeti, mauaji yalichukua sura nyingine: vikosi maalumu viliingia mji baada ya mji na kuwapiga watu risasi kando ya mashimo. Nje ya Kyiv, kwenye korongo la Babyn Yar, watu 33,771 waliuawa kwa siku mbili, Septemba 29 na 30. Tangazo lililobandikwa mitaani liliwataka waje na vitambulisho, fedha na nguo za baridi, kama watu wanaohamishwa. Zaidi ya Wayahudi milioni 1.5 waliuawa kwa risasi namna hiyo, karibu na nyumba zao, majirani wakisikia. Anayefikiri kwamba wote walikufa kwa gesi anaikosa robo nzima ya habari.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Mbona hawakupigana?

Jambo la kwanza ni kwamba sisi tunaijua Treblinka na wao hawakuijua. Julai 1942 Wajerumani walipoanza kuwaondoa watu geto la Warsaw, walitangaza kwamba ni uhamisho wa kwenda kufanya kazi mashariki, na atakayejitokeza mwenyewe atapewa kilo 3 za mkate na kilo 1 ya jamu. Mtu ambaye watoto wake hawajala mkate wa kutosha kwa mwaka mzima hujiuliza: anayetaka kuniua ataniharibia mkate wote huu? Takriban watu 265,000 walipelekwa Treblinka katika majuma manane. Fununu zilikuwepo, na wajumbe wa siri waliofuata njia ya reli walileta habari. Ila kuambiwa kwamba serikali ya nchi iliyoendelea imejenga kiwanda cha kuulia watu si habari ambayo akili ya mtu mzima huimeza siku ya kwanza.

La pili ni adhabu ya pamoja. Anayempiga Mjerumani hafi peke yake. Wanakufa mtaa wake, mama yake, wagonjwa hospitalini. Hakuna mahali lilipojitokeza waziwazi kuliko geto la Vilna, Lithuania. Vijana wa pale waliunda kikosi cha siri Januari 1942, na kamanda wao alikuwa Yitzhak Wittenberg. Julai 1943 polisi wa siri wa Kijerumani, Gestapo, walidai akabidhiwe, la sivyo geto zima litafutwa. Vijana walitaka kupigana. Wakazi wa geto, wenye watoto na wazee, wakajaa mitaani wakimtafuta Wittenberg kwa mawe na kelele: mtu mmoja, au sisi maelfu? Akaongea na wenzake, akamkabidhi mtu mwingine uongozi, akatoka kwenda langoni. Siku iliyofuata alikuwa amekufa. Geto lilifutwa Septemba, miezi miwili baadaye. Nani alikosea pale? Nimewahi kusikia watu wakijibu haraka, na sijamwamini hata mmoja wao.

La tatu ni ulinganisho ambao waulizaji husahau kuufanya. Ujerumani iliwateka askari wa Kisovyeti wapatao milioni 5.7. Hao walikuwa wanaume, vijana, wenye mafunzo ya kijeshi, bila watoto wa kubeba. Takriban milioni 3.3 kati yao walikufa kwa njaa, baridi na risasi. Hakuna anayeuliza mbona hawa hawakupigana. Njaa na waya wenye miba humfanya hivyo mtu yeyote, awe Myahudi au asiwe.

Hata ile kauli maarufu kwamba Wayahudi walikwenda kama kondoo machinjoni haikuanza kama lawama. Aliyeitumia ni Abba Kovner, mshairi kijana wa Vilna, katika tangazo alilolisoma mbele ya wenzake usiku wa kuamkia mwaka 1942. Aliwaambia kwamba Hitler amekusudia kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya na kuwasihi wasikubali kupelekwa kama kondoo. Ulikuwa wito wa kushika silaha, kwa kikosi ambacho silaha zenyewe kilikuwa hakina. Watu wakaushika mkia wakaacha kichwa.

Na walipigana. Warsaw, waliobaki baada ya ile safari ya Treblinka walikuwa wengi wao vijana ambao familia zao zilikwishauawa. Hapakuwa tena na mama wa kuadhibiwa kwa niaba yao. Aprili 19, 1943, mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, Wajerumani walipoingia kulimaliza geto walipokewa kwa risasi na mabomu ya chupa. Wapiganaji wapatao 700, wakiongozwa hasa na Mordechai Anielewicz aliyekuwa na umri wa miaka 20 na ushei, walikuwa na bastola, bunduki chache na mabomu ya kujitengenezea. Wajerumani walilazimika kuchoma nyumba moja baada ya nyingine, na kazi waliyoitarajia kuwa ya siku tatu ikawachukua karibu mwezi. Poland yenyewe, ikiwa na jeshi kamili, mwaka 1939 ilishikilia kwa majuma matano hivi.

Usiku uleule wa Aprili 19, nchini Ubelgiji, vijana watatu wenye bastola moja na taa waliyoifunika kwa karatasi nyekundu waliisimamisha treni iliyokuwa ikielekea Auschwitz. Walifungua behewa moja. Ndani ya mabehewa mengine watu walikwishaanza kukata mbao kwa vifaa walivyoviingiza kwa siri, na mbele ya safari zaidi ya watu 200 waliruka.

Sobibor ndiyo inayonishangaza zaidi. Septemba 1943 aliletwa pale Alexander Pechersky, Myahudi na ofisa wa Jeshi Jekundu la Kisovyeti. Ilimchukua majuma matatu hivi. Yeye na Leon Feldhendler, aliyekuwa akiongoza kundi la siri la kambi, walitumia udhaifu mmoja wa walinzi wao: tamaa ya nguo nzuri. Wafungwa mafundi cherehani na mafundi viatu walikuwa wakiwashonea maofisa makoti na buti kutokana na mali ya waliouawa. Oktoba 14 kila ofisa alialikwa karakana yake, kwa saa yake, aje ajaribishe koti. Wajerumani huheshimu saa. Wakaja mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakapigwa shoka. Maofisa wapatao 11 walikufa kabla siri haijafichuka. Kati ya wafungwa 600 hivi, takriban 300 walivuka uzio na uwanja wa mabomu ya kutegwa ardhini. Waliokuwa hai vita vilipokwisha ni wapatao 50. Wengine walisakwa msituni, na baadhi waliuawa au kukabidhiwa na watu waliowakuta huko. Uzio waliushinda, tatizo lilikuwa upande wa pili wa uzio.

Hapo ndipo unapoona ukubwa wa walichofanya ndugu Bielski. Tuvia, Asael na Zus, watoto wa mwenye kinu cha kijijini katika eneo ambalo leo ni Belarus, walikimbilia msitu baada ya wazazi wao kuuawa. Vikosi vingi vya wapiganaji wa msituni vilimpokea mwenye bunduki tu. Wao walimpokea yeyote: mzee, mjamzito, mtoto, mgonjwa. Ndani ya msitu wa Naliboki walijenga kitu kama kijiji, chenye mafundi, tanuri la mikate, shule na hospitali ndogo. Walipotoka majira ya joto ya 1944 walikuwa zaidi ya 1,200. Tuvia alishikilia kwamba kumwokoa bibi kizee mmoja kulimpa maana kuliko kuua askari wengi, na kwa hesabu yoyote alikuwa sahihi.

Lakini ukihesabu bunduki tu utawakosa wapambanaji wengi. Ndani ya geto la Warsaw kusomesha watoto kwa siri ni mapambano. Mtoto wa miaka minane anayepenya tundu la ukuta kuleta viazi ni mpambanaji, na wengi walipigwa risasi kwa viazi. Madaktari waliokuwa wakifa njaa waliichunguza njaa yenyewe kisayansi kwa wagonjwa wao, wakaandika matokeo, na maandishi yakatoroshwa nje na kuchapishwa baada ya vita. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliunda kundi la siri la watu wapatao 60 lililokusanya kila kitu: kadi za mgao, mitihani ya shule, mashairi, vichekesho, karatasi za peremende, shuhuda za waliotoroka Chełmno. Walitaka kwamba siku moja habari yao isisimuliwe kwa hati za Wajerumani peke yake. Mkusanyo ulifukiwa ndani ya masanduku ya bati na madebe ya maziwa. Ringelblum aliuawa mwaka 1944, na ni watu watatu tu wa kundi hilo walioiona amani. Fungu la kwanza lilifukuliwa mwaka 1946, la pili 1950. La tatu halijapatikana. Kurasa zilizookolewa ni kama 35,000.

Ukiuliza nani alinusurika na kwa nini, jibu halifuati ushujaa kama tunavyopenda. Linafuata ramani, karatasi, majirani na tarehe. Denmark ilikuwa na Wayahudi wapatao 7,800. Oktoba 1943, baada ya Mjerumani mmoja ubalozini, Georg Duckwitz, kuvujisha tarehe ya msako, wavuvi na raia waliwavusha zaidi ya 7,000 kwenda Uswidi kwa mashua, safari ya saa chache. Uholanzi ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000, na zaidi ya 100,000 waliuawa.

Je, Wadenmark ni wema na Waholanzi ni waoga? Wafanyakazi wa Amsterdam waligoma Februari 1941 kupinga kukamatwa kwa Wayahudi, na Waholanzi zaidi ya 5,000 wametambuliwa kwa kuwaokoa Wayahudi. Ila Uholanzi haina msitu mkubwa wala jirani asiye vitani, ilitawaliwa moja kwa moja na Wanazi wenye msimamo mkali, na ilikuwa na daftari la wakazi lililotunzwa vizuri mno, likionyesha anuani na dini ya kila mtu. Machi 1943 wapambanaji waliivamia ofisi ya usajili ya Amsterdam na kuichoma, lakini kadi nyingi zilipona. Daftari lililowekwa kwa nia njema likawa orodha ya kuulia.

Albania, nchi yenye Waislamu wengi, ilimaliza vita ikiwa na Wayahudi wengi kuliko ilivyoanza, kwa sababu familia ziliwapokea wakimbizi kama wageni wa nyumba na mgeni hakabidhiwi. Jumla ya waokoaji waliotambuliwa na taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu, kutoka mataifa yote, inazidi 28,000. Poland aliyemficha Myahudi aliuawa, mara nyingi na familia yake, na bado zaidi ya 7,000 ya hao ni Wapoland. Bara zima lilikuwa na mamia ya mamilioni ya watu. Iweke idadi hiyo mbele yako kabla hujaridhika sana na simulizi za wema.

Nipitie haraka mengine yanayosemwa. Kwamba waliuawa kwa sababu walishika benki: Wayahudi wengi wa Poland walikuwa mafundi cherehani, mafundi viatu na wachuuzi, na wengi wao hawakuwa na akiba ya mwezi mmoja. Kwamba idadi imetungwa baada ya vita: wauaji wenyewe waliandika. Karl Jäger, kamanda wa kikosi kilichoua Lithuania, alituma ripoti ya Desemba 1, 1941, ikitaja siku, mji, wanaume, wanawake na watoto, na jumla ya watu 137,346. Heinrich Himmler, mkuu wa SS, jeshi la chama cha Wanazi lililoendesha kambi, alizungumzia kuangamizwa kwa Wayahudi mbele ya maofisa wake mjini Posen mwaka 1943, na sauti yake ilirekodiwa. Kuhusu Gaza, mtu ana haki ya msimamo wake juu ya serikali ya Israeli na vita vyake, hata uwe mkali kiasi gani. Msimamo huo haupunguzi wala kuongeza mtu hata mmoja katika mashimo ya Babyn Yar, na anayetumia shimo hilo kunyamazisha hoja ya leo naye anakosea vilevile.

Sheria inayotumika leo dhidi ya mauaji ya kimbari ilitokana na vita hivyo. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland aliyekimbia na kupoteza ndugu 49, alipigania mkataba ambao Umoja wa Mataifa uliupitisha Desemba 9, 1948. Mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikaa Arusha: Septemba 2, 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, alihukumiwa kwa kipimo cha maneno ya mkataba huo.

Waliotoka hai mwaka 1945 walikabiliwa na lile swali la Beisky kwa sura mpya. Wengi walirudi makwao wakakuta watu wengine wanalala kwenye vitanda vyao. Mjini Kielce, Poland, Julai 4, 1946, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Ujerumani kushindwa, umati pamoja na askari na polisi uliwaua Wayahudi 42, kufuatia uvumi wa uongo kwamba wamemteka mtoto. Maelfu kwa maelfu wakakimbia tena, safari hii wakielekea Ujerumani kwenyewe, kwenye makambi ya wakimbizi yaliyosimamiwa na Wamarekani na Waingereza, wakisubiri viza. Wapatao 250,000 walipita katika makambi hayo. Waingereza, waliokuwa wakiitawala Palestina, waliwabania kuingia huko, Marekani ililegeza milango yake polepole, na Israeli iliundwa Mei 1948 huku vita vikianza. Kambi ya mwisho yao, Föhrenwald karibu na Munich, ilifungwa mwaka 1957. Humo walikuwemo wagonjwa wa kifua kikuu ambao nchi nyingi hazikutaka kuwapokea, na watu waliokwishaondoka kwenda kwingine, wakashindwa, wakarudi.